Maswali ya Wasomaji: Mwendo, Miteremko na Sheria za Barabarani

SWALI: Mimi husafiri mara kwa mara kwa basi kati ya Makambako na Dar es Salaam. Madereva hupunguza mwendo wanapokaribia askari wenye tochi, kisha huongeza mara tu wakishawapita, na magari yanayotoka mbele huwaashiria kwa taa kwamba kuna askari. Abiria akilalamika, wenzake humwambia ashuke kama anaogopa. Kwa nini tochi zote hizi hazimalizi tatizo, na sisi abiria tufanye nini? (Abiria, Makambako)

JIBU: Ndugu msomaji, tochi hupima mwendo wa gari mahali pamoja na kwa dakika moja, ilhali safari yako ina mamia ya kilomita. Dereva anayejua walipo askari hajifunzi kwenda polepole. Anajifunza kuwajua askari walipo. Ndiyo maana Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya mamlaka ya awali, SUMATRA, imeendelea na mfumo wa kufuatilia mabasi, maarufu kwa jina la VTS, ambao huonyesha basi liko wapi na linakwenda kwa mwendo gani, hata pale pasipokuwa na askari yeyote. Kila dereva naye hupaswa kujitambulisha kwenye mfumo kwa kitufe chake cha utambulisho, ili ijulikane nani yuko kwenye usukani na kwa muda gani. Wapo wanaochezea vifaa hivyo ili visitume taarifa, na kwa maoni yangu kosa hilo ni kubwa kuliko kuzidisha mwendo kwenyewe, kwa sababu linafanywa kwa makusudi kabla abiria hata mmoja hajapanda.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na malori makubwa nje ya maeneo hayo. Fanya hesabu ya safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, ambayo inazidi kilomita 800. Hata basi likienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama popote, litatumia zaidi ya saa kumi, na vijiji vyote vya njiani vyenye alama ya 50 vinaurefusha muda huo. Kwa kuwa dereva hatakiwi kuendesha zaidi ya saa nane, safari hiyo inahitaji madereva wawili. Ukikuta kampuni inajisifu kwamba inafika mapema kuliko hesabu hii inavyoruhusu, kosa limeshafanyika ofisini kabla injini haijawashwa.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa usimamizi wetu: unaishia kwenye dirisha la dereva. Dereva wa daladala anayepeleka hesabu, yaani kiasi cha fedha kilichopangwa, kwa mwenye gari kila jioni, akabaki na kile kinachozidi, atakimbilia abiria hata ukimtoza faini kila wiki, maana faini ni ya siku moja na hesabu ni ya kila siku. Madereva wa mabasi walipogoma Aprili na Mei 2015, walipinga agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, lakini walidai pia mikataba ya ajira. Wengi wetu tulikumbuka tu usumbufu wa stendi ya Ubungo siku zile, na lile dai la mikataba, ambalo linagusa maisha ya abiria moja kwa moja, likapita bila kuzungumzwa vya kutosha. Mtu mwenye mshahara unaojulikana hana sababu ya kununua dakika kumi na tano kwa roho za watu. Na hakika ni dakika kumi na tano tu: kilomita 100 kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 75, na kwa mwendo wa 100 huchukua dakika 60, ilhali nguvu ya kugonga inaongezeka kwa zaidi ya nusu.

Kuhusu la kufanya, usisimame peke yako kumfokea dereva akiwa kwenye usukani. Zungumza na kondakta, tena ikiwezekana mkiwa wawili au watatu. Andika namba ya basi, mahali na saa, kisha piga simu LATRA au polisi kwa namba zinazobandikwa ndani ya mabasi. Ukitaja saa na mahali, mfumo unaweza kuthibitisha usemayo, na lalamiko lako halitabaki kuwa neno lako dhidi ya neno la dereva.

SWALI: Mimi ni utingo wa lori na najifunza udereva. Dereva wangu anapoteremka mlima wa Kitonga huweka nyutro ili kuokoa mafuta, na anasema breki za upepo zinatosha. Je, ni sawa? (Utingo, Iringa)

JIBU: Si sawa hata kidogo, na ninakuomba ulichukulie jibu hili kwa uzito wote. Lori na shehena yake linaruhusiwa kufikia tani 56. Linapoteremka mlima, nguvu yote ya uzito ule lazima iende mahali fulani. Gia ikiwa imeingia, injini inabeba sehemu kubwa ya kazi ya kulizuia. Ukiweka nyutro, injini haizuii tena chochote, na kazi yote inahamia kwenye breki, ambazo njia yao pekee ya kuzuia ni kusuguana na kutoa joto. Joto likizidi, vipande vinavyosugua hupoteza mshiko na ngoma ya breki hutanuka ikavikimbia, hivyo dereva anakanyaga pedeli na gari halisikii. Akikanyaga na kuachia mara nyingi kwa hofu, upepo nao unaisha kwenye matangi kabla haujajazwa upya. Baadaye tutasikia kwamba gari lilifeli breki, kana kwamba ni bahati mbaya, wakati mara nyingi breki hizo zilikuwa nzima juu ya mlima.

Pia, kiasi cha mafuta kinachookolewa kwa nyutro ni kidogo sana. Injini nyingi za kisasa za dizeli hukata mafuta zenyewe gari linapoteremka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta. Punguza mwendo kabla ya kuanza kuteremka. Ingiza gia nzito, ile ambayo ungeitumia kupanda mlima huohuo na mzigo huohuo, na uitumie breki ya egzosti kama gari inayo. Breki ya mguu ikanyagwe kwa uthabiti hadi mwendo upungue, kisha iachiwe ipoe. Usisubiri ufike katikati ya mlima ndipo utafute gia, kwa sababu katika mwendo mkubwa gia nzito inaweza kukataa kuingia kabisa. Haya yanahusu pia mteremko wa Sekenke na miteremko ya Mbeya.

SWALI: Sipendi kofia ngumu za bodaboda kwa kuwa huvaliwa na kila mtu. Je, kuna ubaya nikiishika mkononi tu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Dada, kinyaa chako kina haki, lakini kina tiba: vaa kitambaa chepesi ndani yake, au nunua kofia yako mwenyewe kama unapanda kila siku. Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69 na hatari ya kifo kwa takribani asilimia 42. Ifunge mkanda chini ya kidevu, maana isiyofungwa hutoka kichwani kabla hujafika chini.

SWALI: Askari alinisimamisha kwa kosa ambalo sikulikubali, kisha akasema tuyamalize palepale. Nilikuwa na haki gani? (Dereva wa teksi, Tanga)

JIBU: Ulikuwa na haki ya kuelezwa kosa na kuandikiwa. Ukilikubali, faini hulipwa kwa kontroli namba, si mkononi mwa askari. Usipolikubali, sema hivyo wazi na uombe suala liende mahakamani, ambako ndiko ushahidi hupimwa. Kuyamaliza palepale ni rushwa, na sheria ya mwaka 2007 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Tunza risiti ya kila faini uliyolipa, na uangalie madeni kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, hasa kabla ya kununua gari lililotumika, kwa sababu deni lisilolipwa kwa wakati huongezeka na hubaki kwenye namba ya gari hata mmiliki akibadilika.