Kutoka paa za Nyali hadi mashamba ya sola Kinango: ushauri kwa wanaoanza

Vijana wengi wa Mombasa hujifunzia kazi ya sola juu ya paa za Nyali, Bamburi na Likoni, kisha huingia kwenye miradi mikubwa ya mashambani, Kinango, Kaloleni au Magarini. Mnakuja mkijua nyaya, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika) na hesabu za kivuli, na ujuzi huo utawafaa sana. Lakini juu ya paa hapiti mtu. Megawati moja huhitaji takriban hekta 2, kwa hiyo mradi wa megawati 40 hufunga kama ekari 200, na katika ekari hizo hupita ng'ombe wakienda kunywa maji, akina mama wakitafuta kuni, watoto wakienda shule na, sehemu nyingine, ndovu. Zichoreni njia hizo zote kabla ya kuchora safu ya kwanza ya paneli. Faida ya wenyeji na ya wanyama inakaa ndani ya mchoro wenyewe. Ikiletwa baadaye inageuka kuwa msaada, na bajeti ikibana, msaada ndio hukatwa kwanza.

Ukifika kijijini, piga hodi kwa chifu na wazee, halafu omba kutembea na mchungaji. Yeye ndiye anayejua bwawa gani hukauka Januari na mlango gani wa kichaka hutumiwa na wanyama usiku. Nenda kiangazi, urudi baada ya masika. Ardhi inayoonekana tupu mwezi wa pili inaweza kuwa na mabwawa yaliyojaa ndege mwezi wa tano, na ripoti ya athari kwa mazingira iliyoandikwa kwa msimu mmoja itakuficha hilo hata ikikubaliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Baraza la katikati ya wiki litakupa wazee na akina mama. Watoto wao wako Mombasa, bandarini na kwenye viwanda vya Changamwe, na wana haki katika ardhi ileile. Waombe wenyeji wachague siku ambayo watu hawa wako nyumbani. Ikiwa ardhi ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka thuluthi mbili ya watu wazima wahudhurie mkutano wa kuamua, na thuluthi mbili waidhinishe. Ikiwa ni ya familia, mara nyingi hati bado iko kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na mirathi lazima itangulie mkataba. Msiione hatua hii kama ya kupoteza muda. Mradi wa umeme wa upepo wa Kinangop, wa takriban megawati 60, ulifutwa 2016 baada ya wenyeji kuupinga kwa sababu ya ardhi, ilhali fedha zilikuwa zimepatikana.

Swali la kwanza barazani litakuwa: je, tutapata stima? Jibu ukweli. Umeme wa mtambo huingia kwenye gridi ya taifa kwa msongo mkubwa (volti za juu), na nyumba iliyo mita 300 kutoka kwenye ua wa mtambo itabaki gizani hadi transfoma na nyaya za msongo mdogo zijengwe. Kama mradi utazijenga, andikeni ni nani atakayelipa na ni lini. La pili litakuwa kazi. Hapo pia semeni wazi kwamba vibarua ni wengi wakati wa ujenzi, halafu hubaki walinzi, wakata nyasi, waosha paneli na mafundi wachache. Kijana wa hapo akifunzwa ufundi mapema, nafasi moja ya kudumu itakuwa yake.

Sasa ua, ambao naona ndio unaoamua mengi kuliko paneli zenyewe. Msizungushe seng'enge moja kubwa. Gaweni shamba vipande viwili au vitatu na muache njia pana katikati, pale mifugo na wanyama walipokuwa wakipita. Chini ya ua acheni nafasi ya sentimita 15 hadi 20 ili kobe, nguchiro na sungura wapite. Mlinzi atalalamika kuhusu wezi wa nyaya za shaba, lakini mtu mzima hapenyi hapo. Waya wa umeme usiwekwe karibu na ardhi: kakakuona akiugusa hujikunja na kuukumbatia, na hupigwa shoti mpaka afe.

Upande wa Shimba Hills na Mwaluganje, ambako wenyeji wametenga ardhi yao kwa ajili ya ndovu tangu miaka ya 1990, pangeni mizinga ya nyuki kwenye mpaka wa nje. Ndovu huogopa nyuki, na wakulima wa Sagalla, karibu na Tsavo, wamelinda mashamba yao kwa ua wa mizinga. Asali iwe mali ya kikundi cha kijiji. Mizinga iwekeni mbali na njia ya mafundi, maana anayefungua inveta hawezi kukimbia nyuki salama.

Ndani ya ua, msikwangue ardhi kwa tingatinga. Nyasi hushika udongo pale mvua inapomwagika kutoka ukingo wa paneli, hupunguza vumbi, na hulisha kondoo. Nasema kondoo kwa makusudi: mbuzi hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya, na ng'ombe hujikuna kwenye nguzo. Mkataba wa malisho uandikwe na wafugaji walewale waliokuwa wakilisha hapo. Maji ya kuosha paneli yasitoke kwenye kisima cha kijiji, na kazi ifanywe alfajiri, bila sabuni, kabla kioo hakijapata joto.

Jambo ambalo wahandisi wachanga huwaachia mawakili ni mwisho wa mradi, baada ya miaka 20 au 25. Someni mkataba wenyewe. Uonyeshe ni nani atang'oa nguzo, paneli zitapelekwa wapi, na fedha za kazi hiyo zitaanza kuwekwa kando mwaka gani. Ukurasa wa mambo hayo ukikosekana, rudisheni karatasi kwa wakili kabla wazee hawajatia sahihi.