Mtoto amefia ndani ya gari: mzazi ana hatia gani?

SWALI: Baba alipaswa kumpeleka mwanawe wa miezi 9 kwenye kituo cha kulelea watoto, akapitiliza hadi kazini. Jioni mtoto akakutwa amefariki garini. Ndugu wamegawanyika. Wapo wanaosema ni muuaji, mtoto hasahauliki kama mwavuli. Wengine wanasema ni ajali. Sheria inasemaje?

JIBU: Ndugu msomaji, pande zote mbili zimeruka swali la kwanza: alipofunga mlango wa gari, baba alijua kuwa mtoto yumo?

Kama alijua na alitaka afe, hayo ni mauaji. Kama alijua akamwacha "dakika chache tu", hakutaka afe lakini hatari aliiona akaipuuza. Hapo mashtaka ya kawaida ni kuua bila kukusudia au kuhatarisha maisha ya mtoto. Kama hakujua kabisa, waendesha mashtaka wenyewe hutofautiana, hata ndani ya nchi moja. Hoja huwa ni iwapo kusahau kunafikia uzembe wa jinai, ambao ni mzito kuliko ule wa kudaiwa fidia. Kwa maoni yangu haufiki, isipokuwa pawepo jambo alilolichagua mwenyewe, kama vile ulevi.

Na mtoto husahaulika, tena na mzazi anayempenda sana. Kukumbuka jambo la kufanya baadaye ("nikifika pale nikate kulia nimshushe") ni kazi ya hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) na sehemu ya mbele ya ubongo. Mazoea huendeshwa na sehemu nyingine, za ndani zaidi. Mtu akiwa na usingizi au mawazo mengi, mazoea hushinda, naye hufuata njia yake ya kila siku. Mtoto amelala, kiti chake kimetazama nyuma, hakuna sauti wala sura ya kumzindua. Kisha ubongo huziba pengo: anaamini kabisa kwamba alishamshusha. Wako wazazi waliotoka kazini wakaenda moja kwa moja kituoni kumchukua mtoto ambaye muda wote alikuwa nyuma yao.

Kwa hiyo mpelelezi makini huanza na ratiba: kwa kawaida nani humpeleka mtoto, na siku hiyo nini kilibadilika? Ujumbe wa simu unaonyesha baba aliamini mtoto yuko kituoni? Alirudi garini mchana? Kamera za maegesho zinasema nini? Mwili wenyewe hautoshi, kwa sababu kifo cha joto huacha dalili chache za kipekee. Daktari anahitaji joto la ndani la mwili na la gari, yaliyopimwa mapema pamoja na saa ya kupimwa, kisha aondoe sababu nyingine za kifo.

Tabia mbaya ya mzazi isichukuliwe kuwa ushahidi wa nia. Huko Georgia, Marekani, baba mmoja alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2016, kwa kifo cha 2014. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo ilibatilisha hukumu hiyo ya mauaji, kwa kuwa juri (jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) lilimwagiwa ushahidi mwingi mno kuhusu mahusiano yake na wanawake wengine. Mwaka uliofuata waendesha mashtaka waliachana na shtaka la mauaji.

Anayejitetea kwa "dakika chache" ana kazi ngumu zaidi. Juani, joto la garini hupanda karibu nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10 za kwanza, na kushusha vioo kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto hupata joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wa mtu mzima. Joto la mwili wake likifika nyuzi 40, maisha ya mtoto yamo hatarini.

Kwa ndugu zake: gari na simu visiguswe, na asitoe maelezo polisi bila wakili. Tena msimwache peke yake, usiku hasa, hata ninyi mnaomlaumu. Mzazi katika hali hii anaweza kujiua. Mpelekeni kwa daktari wa afya ya akili sasa, msisubiri kesi iishe.