Kuchora mtu aliyesimama mbele yako: tafuta uzito kabla ya misuli

Mkuu, swali lako nimelibeba mwenyewe karibu miaka miwili bila kumuuliza mtu. Unasema kunakili picha kutoka kwenye simu huna shida, sura inatoka hadi watu wanamjua mhusika. Ila ukikaa mbele ya mtu mzima aliyesimama, mchoro unatoka kama mdoli aliyeegemezwa ukutani, na kila mara miguu inakosa nafasi kwenye karatasi. Halafu unauliza kama ukariri misuli yote kwanza ndipo urudi, na kama ni lazima modeli, yaani yule anayechorwa, awe uchi. Misuli, bado. Uchi, si lazima. Sasa nieleze kwa nini, maana nimeyajua haya kwa kuharibu karatasi nyingi sana.

Siku yangu ya kwanza darasani nilifika na penseli sita nilizozichonga kama sindano. Modeli akapanda jukwaani, pozi la dakika 20. Nikaanza na jicho. Jicho la kushoto, na kope zake, na ule mwanga mdogo ndani ya mboni. Muda ulipoisha nilikuwa na jicho zuri mno, pua, nusu ya mdomo na mstari mmoja wa shavu. Jirani yangu alikuwa na mtu mzima, utosi hadi kisigino, kwa mistari isiyofika ishirini, na ungeweza kuona kabisa kwamba yule mtu ameuchosha mguu wake wa kulia. Mwalimu akapita nyuma yangu, akatazama kazi yangu, akauliza taratibu: "Huyu amesimama au amekaa?" Nikabaki kimya. Karatasi yangu nayo ilikuwa haijui.

Tangu hapo, kabla sijaweka alama yoyote, najiuliza kitu kimoja tu: uzito umeshukia wapi?

Mtazame mtu yeyote aliyesimama zaidi ya dakika moja. Hasimami kama nguzo. Anauhamishia mwili mguu mmoja, na kuanzia hapo kila kitu kinapangika upya. Mguu uliobeba unanyooka, nyonga ya upande ule inapanda na kusukumwa nje. Nyonga ya pili inashuka, na goti lake linajikunja na kuja mbele kidogo. Ili asianguke, kifua kinaegemea upande uliobeba, kwa hiyo bega la upande huo linashuka. Hapo mstari wa mabega na mstari wa nyonga vinakuwa vimeinama kila mmoja upande wake: ubavu mmoja umebanwa, unaona hata mikunjo ya ngozi kiunoni, na ubavu wa pili umevutwa. Wachongaji wa Ugiriki walishalijua jambo hili karne ya 5 kabla ya Kristo, na Waitaliano ndio waliolipa jina la kontraposto. Ukilikosa hilo, hata misuli yote uipatie kwa majina, bado umechora mdoli.

Namna ya kulikagua ni ileile ya fundi mwashi: timazi. Chukua uzi, funga kitu kizito kidogo mwishoni, ning'iniza mbele ya jicho lako uone uzi unapita wapi juu ya mwili wa modeli. Anza na kile kishimo cha shingo, pale mitulinga miwili inapokaribiana. Kwa mtu unayemtazama kwa mbele, akiwa ameutupa uzito karibu wote mguu mmoja, kishimo hicho huangukia karibu na kifundo cha mguu huohuo. Sasa rudi kwenye michoro yako ya zamani, shusha mstari wima kutoka kwenye shingo. Mimi nilipofanya hivyo nilicheka peke yangu: karibu watu wangu wote mstari uliangukia katikati ya miguu miwili, ilhali nyonga nimeziinamisha kana kwamba mguu mmoja ndio umebeba. Yaani nusu ya mwili inasema hivi, nusu inasema vile. Ndiyo maana mdoli wako anaonekana ameegemezwa. Hana mguu unaomshikilia.

Kilichonielewesha zaidi lakini si timazi. Siku moja modeli hakutokea, tukakubaliana tupokezane, nami nikajitolea kusimama dakika 20 na nguo zangu. Mkono mmoja kiunoni, uzito mguu wa kushoto, nikijiona nimechagua pozi rahisi. Dakika tatu za kwanza, raha mustarehe. Dakika ya saba nikaanza kuusikia ubavu wa nje wa nyonga ya kushoto, kama mtu ananibonyeza kwa kidole. Dakika ya kumi na mbili vidole vya mkono wa kiunoni vimeingia ganzi, na paja lilikuwa linatetemeka kwa ndani, mtetemo ambao hakuna aliyeuona isipokuwa mimi. Nilipoteremka nikaenda kutazama walivyonichora. Mchoro mmoja ulionyesha ile nyonga imesukumwa nje hadi ikawa kama inalalamika. Aliyeuchora hakuwa mkali wa kuchora sura, kichwa changu alikiweka kama yai, lakini maumivu yangu aliyaona. Jaribu hili kabla ya kikao chochote: simama wewe kwanza katika lile pozi nusu dakika, usikie linakobana. Chora pale panapobana.

Nilijifunza na jingine siku ile: pozi halitulii. Mwanzoni nilikuwa nimeinua kidevu, dakika ya kumi kimeshuka, na kifua kimelegea. Ukimkimbiza modeli kila anapolegea, utakuwa na mchoro wa watu watatu katika mtu mmoja. Mwelekeo mzima uchukue ndani ya dakika mbili za mwanzo, uuamini, kisha muda uliobaki unatazama vipande tu. Na kabla ya mapumziko, piga chaki kuzunguka nyayo zake, la sivyo akirudi mtabishana mguu ulikuwa wapi.

Tuje kwenye miguu inayokosa karatasi. Hili ni kosa la mpangilio, wala halihusiani na kipaji. Unaanza kichwa, kichwa kinanoga, kinakua, mwili unakifuata, mwisho wa karatasi unakukuta kwenye magoti. Dawa yake inaudhi kwa urahisi wake: weka alama ya utosi juu na alama ya visigino chini kabla ya kitu kingine. Halafu gawa katikati. Kwa mtu mzima aliyesimama wima, katikati ya urefu wake huangukia karibu na kinena, si kiunoni kama wengi tunavyodhani. Kisha pima kwa penseli: mkono umenyooka kabisa, kiwiko kimekazwa, jicho moja limefumbwa, ncha ya penseli utosini na kidole gumba kidevuni. Hicho ndicho kipimo chako. Shuka nacho uhesabu. Mtu mzima wa kawaida ana vichwa kama saba na nusu. Vinane ni vya sanamu na mashujaa, na mtoto wa mwaka mmoja ana kama vinne tu. Ukilegeza kiwiko katikati ya kupima, kipimo kimebadilika na hutajua.

Ila namba hizi zisikutawale. Ni za kukushtua pale unapopotoka, basi. Mtu akikaa, akiinama au akilala, hazina kazi. Ukiwa umekaa chini karibu naye, utaona mapaja makubwa na kichwa kidogo, na hivyo ndivyo ilivyo, chora hivyo. Mimi hupenda kukaa mbali kiasi cha mara mbili hadi tatu ya urefu wa modeli, ili nimwone wote bila kupandisha na kushusha kichwa kama mjusi.

Mikono na nyayo karibu kila anayeanza huzifanya ndogo. Weka kiganja chako usoni sasa hivi: kikianzia kidevuni, ncha ya kidole cha kati inafika karibu na nywele zinapoanzia. Unyayo wako nao unakaribia urefu wa mkono kutoka kwenye kunjo la kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono. Na kifundo cha mguu cha ndani kiko juu kuliko cha nje. Nilichora vifundo vilivyolingana mwaka mzima, nyayo zote zikawa kama za kiti.

Kuhusu yale mapozi ya haraka unayoyaona hayana maana, ya sekunde 30 na ya dakika moja: hayo ndiyo shule yenyewe. Sekunde 30 hazikupi nafasi ya kuchora jicho, na hiyo ndiyo faida yake. Zinakutosha mstari mmoja kutoka kichwani, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye mguu uliobeba, na mingine miwili ya mabega na nyonga. Usiishike penseli kama unaandika barua. Simama, tumia karatasi kubwa ya rahisi rahisi, na mkono utembee kuanzia begani. Michoro itakuwa mibaya. Ya kwangu ya mwezi wa kwanza ilikuwa kama waya zilizokunjwa na mtu mwenye hasira. Na macho yako yawe kwa modeli zaidi kuliko kwenye karatasi. Mwombe mwenzako akuangalie akuhesabie, utashangaa muda unaotumia kuchora mtu usiyemtazama.

Picha ya simu haikufundishi haya kwa sababu kazi imeshafanywa. Mtu ameshalazwa bapa, mpaka wake umeshakatwa, vivuli vimeshakuwa vyeusi tii. Wewe unanakili maumbo. Mbele ya mtu halisi una macho mawili, anapumua, na ni wewe unayeamua mkono unaishia wapi na kifua kinaanzia wapi.

Mfano ulionitesa zaidi ni kiungo kinachokuja moja kwa moja kuelekea kwako. Modeli alikaa kwenye kiti, goti limenielekea. Akili inajua paja ni refu, kwa hiyo mkono unachora paja refu, na mtu anaonekana anateleza kutoka kitini. Nilipima kwa penseli mara tatu kwa sababu sikuamini: kutoka mahali nilipokaa, paja lile lilikuwa pana kuliko lilivyo refu. Hapo usichore paja. Chora umbo la nafasi tupu lililo kati ya mguu na mguu wa kiti, au lile dirisha linalobaki kati ya mkono na kiuno. Nafasi tupu haina jina, kwa hiyo akili haina uongo wa kukuambia juu yake. Ukiipatia, paja linajipatia lenyewe.

Misuli basi lini? Baada ya miezi kadhaa ya haya, na hata hapo anza na mifupa inayoonekana chini ya ngozi: mitulinga, ncha mbili za nyonga kwa mbele, goti, muundi, kiwiko, na lile fundo la uti wa mgongo shingoni linalotokeza mtu akiinamisha kichwa. Mtu anenepe au akonde, hizo utazikuta palepale. Leonardo da Vinci alipasua maiti kusoma misuli, na bado yeye huyohuyo aliwalalamikia wachoraji wanaoionyesha yote kwa pamoja hadi mwili unafanana na gunia la kokwa. Ninao rafiki zangu wa namna hiyo.

Suala la uchi. Nguo inayobana inatosha kabisa kuanzia. Tatizo la nguo pana ni kwamba inaficha nyonga na magoti, na hayo ndiyo unayoyatafuta. Na kama unaona haya, hukuanza wewe. Chuo cha Sanaa cha Kifalme cha London kilianzishwa mwaka 1768 na wanawake wawili miongoni mwa waasisi, Angelica Kauffman na Mary Moser. Lakini mchoraji Johan Zoffany alipowachora wanachama wakiwa na modeli wa kiume aliye uchi, hao wawili aliwaweka kama picha zilizotundikwa ukutani, kwa kuwa haikuonekana heshima wawemo chumbani. Huko Philadelphia, Marekani, mchoraji Thomas Eakins alilazimika kujiuzulu ualimu mwaka 1886 baada ya kumvua modeli wa kiume nguo ya kiunoni mbele ya darasa lenye wanawake. Darasani kwenyewe haya huisha mapema, kwa sababu pozi la dakika mbili halikuachii nafasi ya kuona haya. Masharti ni machache: hakuna kupiga picha, hakuna kumgusa ili umrekebishe, mwelekeze kwa maneno, na wakati wa mapumziko mwachie ajifunike bila kumkodolea.

Vifaa: weka penseli kando kwa muda, tumia mkaa wa kuchorea. Haukuruhusu kope. Unafutika kwa kitambaa, kwa hiyo huoni uchungu kuhamisha nyonga nzima. Usipulize vumbi lake, gonga ubao kwa nyuma lidondoke.

Fanya mapozi ya dakika moja wiki tatu, kisha weka hapa michoro mitano, na mibaya iwemo. Usituambie uzito ulikuwa mguu upi. Acha sisi tuseme.