Wiski ya kimea: pua kwanza, maji kwa kipimo

Kila nikinusa single malt, wiski ya kimea cha shayiri, nasikia ukali wa pombe tu. Wenzangu husema wanasikia asali na matunda. Nakosea wapi?

Anza na glasi. Ile pana ya kuwekea barafu hutawanya harufu. Tafuta yenye tumbo na mdomo mwembamba, kama Glencairn, au glasi ndogo ya mvinyo. Mimina ml 25, iache itulie dakika 10, na usiizungushe kwa nguvu, maana mvuke wa pombe ndio unaotangulia kupanda. Ishike usawa wa kidevu kisha ipandishe taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo. Pua ikichoma, umeisogeza mno. Nusa kidogo, ondoa glasi, vuta hewa safi, rudia. Jaribu pia kila tundu la pua peke yake. Siku hiyo usifukize udi wala kujipaka manukato.

Funda la kwanza liwe dogo, la kuuzoesha ulimi tu, usilitolee hukumu. La pili likae mdomoni sekunde 10 kabla ya kumeza. Glasi mbili zinatosha kwa jioni moja, kwa sababu baada ya hapo pua imechoka na unakunywa bila kuonja.

Nikiongeza maji naambiwa nimeiharibu. Ni kweli?

Si kweli hata kidogo. Wachanganyaji wa wiski wa Scotland wenyewe hunusa sampuli zilizopunguzwa mpaka karibu asilimia 20 ya kilevi. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, Karlsson na Friedman, walitumia kompyuta kufuatilia guayakoli, kemikali yenye harufu ya moshi. Kilevi kikizidi asilimia 59, guayakoli huzungukwa na pombe na kubaki ndani. Kikishuka mpaka 45 au chini yake, hukaa juu ya kinywaji, pale pua inapoifikia.

Kinachoharibu ni kumimina bila kipimo, maana maji yakishaingia hayatoki. Nunua bomba la sindano la ml 5 duka la dawa, uache sindano yenyewe. Wiski ya asilimia 40 au 43 iongezee matone machache tu. Ya asilimia 46, weka ml 2 kwa kila ml 25, onja, kisha amua kama inahitaji zaidi. Zile zilizotiwa chupani kwa nguvu ya pipa, yaani bila kupunguzwa kwa maji, asilimia 55 hadi 60 na zaidi, ndizo zinazohitaji hesabu: zidisha ml za wiski kwa nguvu yake, gawanya kwa nguvu unayoitaka, toa ml za mwanzo. Mfano, ml 30 za asilimia 60 ukitaka 45: 30 × 60 ÷ 45 ni 40, toa 30, unaongeza maji ml 10. Yaongeze kwa awamu tatu, ukinusa kila mara. Tumia maji ya chupa yasiyo na ladha. Ya bomba yenye klorini au ya kisima chenye chumvi yatasikika mara moja.

Mombasa ni joto. Niweke barafu?

Ukitaka kinywaji cha kupoza mwili, weka. Ukitaka kuonja, usiweke: baridi huziba harufu, na barafu inayeyuka usijue umeongeza maji kiasi gani. Lakini wiski ya nyuzi 32 nayo huchoma pua. Weka glasi tupu kwenye friji dakika 10, futa unyevu, ndipo umimine.

Nimefungua Laphroaig, inanuka dawa ya kusafishia vidonda. Imeharibika?

Haijaharibika. Inatoka kisiwa cha Islay, Scotland, ambako mara nyingi kimea cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani mboji ya kale iliyochimbwa na kukaushwa. Moshi huo huacha fenoli, kemikali zenye harufu kali, zikiwemo kresoli zenye harufu kama ya dawa hizo. Kama ndiyo unaanza, iweke kando kwanza. Onja Glenfiddich ya miaka 12, kisha Highland Park ya Orkney yenye moshi mwepesi, halafu uirudie.

“Single” maana yake pipa moja?

Hapana, ni kiwanda kimoja. Chupa moja huweza kuchanganya mapipa mengi, na umri wa kwenye lebo ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Sheria ya wiski ya Scotland inataka isipungue miaka 3 ndani ya mwaloni.

Nilipoongeza maji iligeuka ukungu. Ni bandia?

Ukungu peke yake si ushahidi. Wiski ya asilimia 46 au zaidi mara nyingi haipozwi na kuchujwa kiwandani, hivyo hubaki na esta za mafuta zinazoyeyuka kwenye pombe lakini si kwenye maji. Binafsi tunaipenda hivyo. Hujaa zaidi mdomoni.

Chupa imebaki robo. Niilaze kama mvinyo?

Isimamishe. Pombe kali hula kizibo na kukimong'onyoa. Kikikatikia ndani, chuja kwa karatasi ya kahawa. Wiski haizeeki chupani, ila hewa iliyojaa juu yake huifubaza ndani ya miezi michache. Hamishia robo hiyo kwenye chupa ndogo safi ya kioo, ijae mpaka shingoni, uiweke kabatini mbali na jua.