Usimwage dang'a mkuu, na hiyo habari ya dume mwenye mama wa kiwele kikubwa

Swali: Dokta habari. Niko Chanika, nina kondoo 14, Red Maasai waliochanganyika na Dorper. Wiki iliyopita jike niliyemnunua mnada wa Pugu akiwa na mimba kubwa alizaa mapacha, kijana wangu akakamua dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, akamwaga, anasema yanaharisha watoto. Siku ya tatu mmoja kafa. Nikitafuta dume ambaye mama yake ana kiwele kikubwa, nitapata majike wenye dang'a nyingi?

Jibu: Pole sana mkuu. Dume tutamfikia, ila kwanza huyo kijana, maana alichomwaga ndo kinga yenyewe. Kondo la nyuma la kondoo halipitishi kingamwili kwenda kwa mtoto kama la binadamu, kwahiyo mwanakondoo anazaliwa mtupu kabisa, hana kitu kwenye damu. Mama wiki zile za mwisho anazitoa kingamwili kwenye damu yake anazirundika kwenye kiwele, ndo unaona dang'a inanata vile, protini na mafuta kibao na vitamini A humohumo. Utumbo wa mtoto unazipitisha nzimanzima mpaka kwenye damu ila kwa muda mfupi tu, masaa 6 ya kwanza ndo yenyewe, ikifika masaa kama 24 mlango umefungwa, hapo hata umpe ndoo.

Piga hesabu: mara ya kwanza mpe mililita 50 kwa kila kilo ya uzito, na siku nzima ya kwanza zifike kama 200 kwa kilo. Pacha wa kilo 2 anataka mililita 400, wawili ni 800, na jike aliyekonda hafikishi. Akishazaa vuta kila chuchu mara mbili tatu, kuna kizibo kama nta pale kwenye tundu, kikitoka ndo inashuka. Alafu mtie mtoto kidole mdomoni, ukiona mdomo wa baridi na tumbo limeshikana na mgongo, huyo hajanyonya, usidanganyike kwa sababu kasimama chini ya mama yake.

Unaweza kuweka akiba kwenye friza (na umeme wetu huu angalia isije ikayeyuka ikaganda tena). Kuyeyusha tumia maji ya uvuguvugu. Mimi enzi za mwanzo kwa haraka niliitumbukiza kwenye maji yanayochemka, ikakatika mabonge kama yai, kingamwili zote kwishnei.

Haya, dume. Vinasaba vipo kweli, kuna koo zinatoa dang'a nyingi kuliko zingine, ila lishe ya mwezi wa mwisho inaweza kuzifunika kabisa, jike wa ukoo mzuri ukimshindisha njaa anatoa kidogo na nzito kama gundi, mtoto hawezi hata kuivuta. Pumba na mahindi kidogo wiki za mwisho vitakurudishia hela haraka kuliko dume wa bei. Na kiwele kikubwa kinadanganya, kondoo wa maziwa wa Ulaya wanatoa nyingi lakini mara nyingi kingamwili zake zimezimuliwa kuliko za kondoo wa nyama. Alafu dume mwenyewe hakamuliwi, utamjua mabinti zake wakishazaa, hiyo ni kama miaka miwili. We andika daftarini jike gani mapacha wake wanapona wote bila kusaidiwa, bakiza mabinti wa huyo, wengine peleka sokoni.

Ishu nyingine ambayo hujaniuliza ni hiyo ya Pugu. Jike anaweka kwenye dang'a kinga ya vijidudu alivyokutana navyo alikotoka, vya banda lako bado havijui. Kama lazima ununue mwenye mimba, nunua mapema akae kwako angalau mwezi na nusu, na chanjo ya pepopunda apigwe wiki 4 mpaka 6 kabla ya kuzaa.

Huyo pacha aliyebaki kitovu mlimpaka ayodini? Na anapumuaje, viungo vimevimba? Nijibu leo.