Kabaila wa Sweden hakuwa lazima riddare

Umeuliza kama kila kabaila wa Sweden enzi za kati alikuwa riddare, yaani mpiganaji wa farasi aliyetawazwa. Hapana, hivyo ni vitu viwili tofauti, na wengi huvichanganya.

Msingi wa ukabaila ulikuwa kodi. Karibu mwaka 1280 mfalme Magnus Birgersson, anayejulikana kama Magnus Ladulås, alitoa amri ya Alsnö, katika kisiwa cha Adelsö, ziwa Mälaren. Kwa amri hiyo, aliyetumikia vitani na farasi wa vita alisamehewa kodi ya mfalme. Tabaka la waliosamehewa liliitwa frälse. Farasi wa namna hiyo, deraya na silaha vilikuwa ghali mno, kwa hiyo mkulima tajiri aliweza kuingia, na mtoto wa kabaila aliyeshindwa kumudu farasi angeweza kurudi kwenye kulipa kodi.

Riddare alikuwa ngazi ya juu ndani ya frälse. Alitawazwa yeye binafsi, akaitwa "herr" (bwana), na mwanawe hakurithi heshima hiyo. Wengi walibaki väpnare, yaani wapiganaji wa frälse wasiotawazwa, chini yake.

Ukitafuta nasaba, usitegemee majina ya ukoo. Tazama alama ya ngao kwenye mihuri. Kwa mfano, jina la ukoo wa Natt och Dag, "Usiku na Mchana", ni la baadaye, lililotokana na ngao yao ya dhahabu na buluu. Wala usitafute makaunti (cheo cha juu cha kikabaila) wa kurithi wa Sweden kabla ya 1561: mfalme Erik XIV ndiye aliyeanzisha cheo hicho.