Masimulizi ya babu yamefutwa Wikipedia

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Nafundisha darasa la tano hapa Kilwa Masoko. Mwezi uliopita niliongeza aya tatu kwenye makala ya Kilwa Kisiwani katika Wikipedia ya Kiswahili. Nilieleza jinsi Ali bin al-Hassan kutoka Shirazi, Uajemi, alivyokinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, kama anavyotusimulia babu. Kulipokucha hazikuwapo. Aliyezitoa ameacha maneno mawili: "hakuna chanzo". Babu yangu si chanzo? Mwenzangu ananishauri nichukue makala ya Kiingereza, niitafsiri kwa mashine, yaishe. Nimekuambatishia aya zangu.
Mwalimu, Kilwa Masoko

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwanza tulia, aya zako hazijapotea. Fungua historia ya ukurasa, pale juu ya makala. Kila badiliko limewekwa humo na tarehe na saa yake, na zako zimo neno kwa neno.

Makala yangu ya kwanza, juu ya kijiji alikozaliwa mama, ilifutwa vilevile, nami nikakaa miezi bila kurudi. Kwa hiyo uchungu wako naujua. Lakini aliyezitoa hajasema babu ni mwongo. Msomaji aliye Bujumbura au Muscat hawezi kubisha hodi kwa babu yako akamuuliza. Kitabu anaweza kukifungua. Kamusi elezo kama Wikipedia hukusanya yale yaliyokwisha kuchapishwa mahali pengine, na kwa wazee wetu wasioandika hilo ni pengo kubwa. Linaniuma mpaka leo.

Ila safari hii una bahati. Hadithi ya babu imo vitabuni! Ni ile ya tarehe ya kale, yaani maandishi ya historia, ya masultani wa Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu. Mreno João de Barros alichapa habari zake mwaka 1552, na G. S. P. Freeman-Grenville akaitia kwa Kiingereza pamoja na nyaraka nyingine za pwani katika kitabu cha mwaka 1962. Kitafute katika maktaba za vyuo vikuu. Ukikipata, taja mwandishi, kitabu, mwaka na ukurasa hapohapo mwisho wa sentensi, usingoje mwisho wa makala.

Sasa sentensi yenyewe. Uliandika "Ali alikinunua kisiwa kwa nguo". Andika "Tarehe ya Kilwa inasimulia kwamba Ali alikinunua kisiwa kwa nguo". Neno hilo moja, inasimulia, ndilo litakaloiokoa aya yako, maana wanahistoria wanabishana hata kama hao Washirazi kweli walitoka Uajemi. Ukitaka habari za majengo, nenda kwa Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa na kuchapisha matokeo mwaka 1974. Na pale uliposema Kilwa ulikuwa mji mzuri kupita yote, pafute. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu. Sifa iwe yake, wewe mtaje tu.

Ushauri wa mwenzako usiufuate. Niliwahi kusafisha makala iliyopitishwa kwenye mashine, nikakuta msikiti umejengwa kwa "matambara ya matumbawe", maana Kiingereza huyaita mawe hayo "coral rag", na "rag" ni tambara pia. Wewe unaishi ng'ambo tu ya kuta hizo, unajua ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mtoto wa Sumbawanga atakayesoma hajui, ataandika matambara kwenye daftari lake.

Kabla ya kurudisha aya, nenda ukurasa wa majadiliano, msalimie aliyezitoa, mwonyeshe chanzo ulichopata, kisha weka sahihi yako kwa alama nne za wimbi, ~~~~. Mara nyingi mtu huyo atakusaidia kupanga marejeo.

Halafu vuka kwenda kisiwani na simu yako. Piga picha za Husuni Kubwa, lile jumba la kale la sultani, na Msikiti Mkuu, uzipandishe Wikimedia Commons, hazina ya picha huru zinazotumiwa na Wikipedia, kama kazi yako mwenyewe. Picha hazihitaji kitabu.

Na babu mrekodi, mwalimu, wiki hii. Muulize majina ya visima, ya bandari za mitumbwi, nani alizikwa wapi. Andika alivyosema, kwa Kiswahili chake, bila kumsahihisha, uniletee. Nitamwomba mhariri atupe ukurasa gazetini humu, ili siku moja mwandishi mwingine aweze kuutaja kama chanzo.